Fundo Alilolifuta Bi Shanga

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa karakana, tena kwa gundi nyingi, maana aliyelibandika alijua wapo watakaotamani kulibandua. Lilisema mmiminaji mkuu amesimamishwa kazi kuanzia leo kwa uzembe katika umiminaji, uzembe uliosababisha maganda ya pampu kupasuka na mtu kuumia. Ijumaa angefika mbele ya kikao cha nidhamu. Ikithibitika, angefukuzwa. Chini kulikuwa na sahihi ya afisa utumishi, mtu ambaye hajawahi kulisogelea tanuri hata kwa kupotea njia.

Bi Shanga alilisoma mara mbili, mkoba ukiwa bado begani. Mara ya kwanza alidhani amekosea kusoma. Mara ya pili damu ikampanda kichwani.

"Uzembe!" alisema kwa sauti, na mlinzi aliyekuwa karibu akajifanya anaangalia kufuli. "Mtu amemimina chuma miaka ishirini na tisa, amebakiza miezi minne astaafu, leo ndiyo kawa mzembe? Jamani!"

Mmiminaji mkuu huyo alikuwa kaka mkubwa wa mume wake. Yaani shemeji yake. Na kama unajua utani wa mashemeji, basi hao wawili walikuwa wameumaliza wote na kuanza upya. Yeye alimwita shemeji Mzee wa Majivu. Shemeji alimwambia kila siku kwamba afadhali mdogo wake angeoa mwanamke anayejua kuchemsha maji badala ya anayejua kuyahesabu. Asubuhi ile utani haukuwepo. Kiti chake cha chuma pale karibu na tanuri kilikuwa kitupu, na mtu mwingine ameweka koti lake juu yake.

Sasa, ili uelewe kwa nini mwanamke huyu alikuwa na haki ya kukasirika, na kwa nini mwisho wa habari hasira yenyewe ilimgeukia, lazima ujue kazi yake.

Kiwanda kilikuwa cha kusubu chuma. Vyuma chakavu viliingia kwa mlango wa nyuma, vikayeyushwa, vikamiminwa ndani ya kalibu za mchanga, vikapoa, vikatoka kwa mlango wa mbele vikiwa maganda ya pampu za maji. Ganda la pampu ni lile duara nene la chuma ambalo ndani yake panga la pampu huzunguka. Likiwa zima, hulijui kama lipo. Likipasuka na maji yana presha, omba usiwe umesimama karibu.

Bi Shanga alikaa ghorofani, juu ya karakana, kwenye chumba chenye dirisha moja lililopigwa vumbi jeusi hata ukilifuta asubuhi, adhuhuri limerudi vile vile. Kulikuwa na kompyuta mbili, feni yenye panga moja lililopinda, na meza iliyotikisika kila mashine ya chini ilipogonga. Kazi yake ilikuwa kukihesabia chuma njia. Kabla fundi hajatengeneza kalibu, yeye alimimina chuma cha hesabu ndani ya kalibu ya hesabu, akaangalia kinapita wapi, kinachelewa wapi, kinaacha hewa wapi. Chuma cha moto hukioni ndani ya mchanga. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya kiwanda kizima.

Alizaliwa na mama mshonaji, fundi wa kutia shanga kwenye nguo. Utoto wake wote aliupitisha chini ya meza ya mama yake akiokota shanga zilizoanguka, na mama yake alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Uzi ukijifunga fundo usikimbilie mkasi. Kwanza tafuta umejifungia wapi." Mtoto akaenda shule, akapenda hesabu mpaka walimu wakaogopa, akaenda chuo, akasoma jinsi ya kuifundisha kompyuta kufuata kitu kinachobadilika umbo huku kinatembea: ukingo wa maji, wa moto, wa chuma kilichoyeyuka. Aliporudi kutafuta kazi, watu walimuuliza hiyo elimu inatengeneza nini. Ni shemeji ndiye aliyemwambia meneja, "Huyu mchukueni. Mimi nimemimina kama kipofu miaka yote hii. Nataka mtu wa kuniambia kuna nini mle ndani."

Programu yake ya kwanza aliielezea karakana nzima siku ya kwanza, akiwa amesimama juu ya kreti, na ndipo jina lilipomkaa.

"Ukingo wa chuma unaotembea ni mstari," alisema. "Lakini kompyuta haiujui mstari. Kwa hiyo nautunga shanga. Kila ushanga una mahali pake. Kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde nauuliza: chuma hapo ulipo kinakwenda upande gani, kwa kasi gani? Nausogeza. Nikishazisogeza zote, napitisha uzi tena, na huo ndio ukingo mpya. Zikiachana sana, naongeza nyingine katikati. Zikisongamana, napunguza."

"Kwa hiyo umesoma miaka mitano kuja kuvalisha chuma shanga?" shemeji aliuliza kutoka nyuma, na karakana ikavunjika mbavu. Toka siku ile hakuna aliyemwita vinginevyo.

Programu ile ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa na balaa moja. Ganda la pampu lina kiini cha mchanga katikati, kile kinachoacha uwazi. Chuma kikiingia kwa mbele kinakutana na kiini, kinagawanyika ndimi mbili. Moja inazunguka kushoto, nyingine kulia, zinakutana nyuma. Kwa shanga, kukutana ni mtihani. Ushanga wa kushoto haujui habari za ushanga wa kulia. Zinapishana, kila moja inaendelea na safari yake, uzi unajikata wenyewe, unajipinda, na nyuma ya ganda, kwenye kioo cha kompyuta, panatokea fundo kubwa la mistari.

Injinia hakulipenda fundo hilo. Injinia alikuwa kijana wa suti za kubana, mwenye kupenda vitu vinavyong'aa, na ripoti za wateja zilipita mikononi mwake.

"Hapa pametapikwa nini?" alimuuliza siku ya kwanza, akiweka kidole kwenye picha.

"Hapo ndimi mbili zimekutana. Programu haijui kuziunganisha."

"Mteja akiona hivi atasema hatujui kazi. Safisha."

Akasafisha. Kila ripoti, alizungushia fundo duara kwa kipanya, akabonyeza, likafutika, akaunga ncha mbili za uzi kwa mkono, picha ikawa nyororo. Funika kombe mwanaharamu apite. Mara ya kwanza roho ilimsuta kidogo, akakumbuka mkasi wa mama yake. Mara ya kumi hakukumbuka kitu. Alifanya hivyo miaka miwili.

Na kwa kuwa alichoka kusafisha, akatengeneza programu ya pili. Hii alihangaika nayo miezi minane, na alikuwa na haki ya kujivunia. Aliachana na shanga kabisa. Aligawa kalibu nzima kuwa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba akakipa namba: umbali wake kutoka kwenye ukingo wa chuma. Chumba ambacho chuma kimeshakijaza, namba yake iko chini ya sifuri. Ambacho hakijafikiwa, iko juu ya sifuri. Na ukingo wenyewe? Ni pale tu namba inapokuwa sifuri. Chuma kikitembea, husogezi mstari wowote. Unabadilisha namba, na ukingo unajitokeza wenyewe. Hakuna tena uzi wa kujifunga. Ndimi mbili zikikaribiana, namba kati yao zinashuka, zinashuka, zinafika sifuri, zinavuka, na basi, zimekuwa kitu kimoja bila mtu kuziambia. Siku alipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza alipiga kelele chumbani peke yake, akashuka ngazi mbio kutafuta wa kumwonyesha.

Injinia aliipeleka kwa wakubwa ikiwa na jina lake mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza. Bi Shanga alikasirika wiki nzima. Mume wake alimsikiliza mpaka akaanza kulala akiwa amekaa. Lakini kazi iliendelea, na injinia akapandishwa cheo, na kwa kuwa sasa alikuwa na cheo akataka kukitumia.

Nyuma ya kila kalibu ya ganda la pampu kulikuwa na tundu dogo. Shemeji ndiye aliyelidai miaka mingi iliyopita, wala hakulidai kwa hesabu. Chuma kinachotangulia ndicho kinachopoa kwanza, na pale nyuma ndimi zilipokutana, kile chuma cha mbele kabisa kilitoka kwa tundu hilo, kikaganda nje, kikakatwa na kurudishwa kwenye tanuri. Injinia aliangalia picha mpya, akaona ndimi zinaungana bila kovu, akaamuru tundu lizibwe. Ni upotevu, alisema.

Shemeji alipanda ngazi siku hiyo na buti zake za majivu, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi.

"Shemeji, sinema yako nzuri," alisema akiangalia kioo. "Chuma chako kina adabu kuliko watoto wangu. Sasa tundu langu limezibwa kwa nini?"

"Angalia mwenyewe," injinia alidakia. "Vinaungana. Unaona mshono hapo?"

"Sioni. Ila chuma kikifika huko nyuma kimechoka. Vilivyochoka haviungani, bwana mkubwa. Vinaegemeana tu."

Injinia alicheka, kile kicheko cha mtu anayekusamehe ujinga wako. Shemeji alimgeukia Bi Shanga. "Wewe unasemaje?"

Bi Shanga alimwangalia injinia, akaangalia picha yake nzuri ya miezi minane. "Hesabu inaonyesha vinaungana," alisema.

Shemeji alitikisa kichwa, akashuka.

Hayo yalikuwa miezi mitano kabla ya tangazo. Ganda la kwanza lilipasuka hapo hapo kiwandani lilipojazwa maji ya presha kupimwa. Wakasema bahati mbaya. La pili, la tatu. Wakasema mchanga mbaya. La nne lilifaulu kipimo, likauzwa, na likapasuka kazini kwa mteja, kipande kikavunja mkono wa mwendesha pampu aliyekuwa ameinama kufungua koki. Hapo sasa akatakiwa mtu. Na mtu akapatikana haraka, kama kawaida, chini kabisa kwenye orodha: mmiminaji mzee, mkono umeanza kutetemeka, amesitasita katikati ya kumimina, chuma kikakatika. Nani alimwona akisitasita? Hakuna. Lakini mnyonge hana haki, na hasa mnyonge mwenye mvi.

Bi Shanga alitoka mlangoni pale, tangazo likiwa bado linamwakia machoni, akapanda moja kwa moja ofisini kwa injinia bila kugonga.

"Mkono wa yule mtu hautetemeki," alisema. "Nimemwona juzi akimimina. Hata tone halikudondoka nje."

Injinia aliweka kalamu chini taratibu. "Ni shemeji yako. Tunaelewa. Damu nzito kuliko maji."

"Mimi na yeye hatuna damu moja. Tumeungana kwa ndoa tu."

"Ndiyo maana hukuitwa kwenye kikao. Una maslahi."

"Na wewe je? Aliyeziba tundu ni nani?"

"Tundu limezibwa kwa kufuata hesabu zako," injinia alisema, akatabasamu. "Au unataka kuniambia hesabu zako ni mbovu?"

Bi Shanga alitoka na meno yameumana. Maneno yaliyotaka kumtoka mdomoni yasingefaa ofisini.

Mchana ule ule alikwenda nyumbani kwa shemeji. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, buti zake mbili mbele yake, anazikwangua magamba ya chuma na mchanga kwa kisu butu. Buti za mtu aliyesimamishwa kazi! Anazisafishia nini? Moyo ulimuuma.

"Karibu kwa mzembe," shemeji alisema bila kuinua kichwa.

"Usiseme hivyo."

"Nimesoma kwenye karatasi. Mimi ni nani nibishane na karatasi?" Alikwangua kidogo. "Shemeji, hebu niambie ukweli. Wewe unaamini ni mkono wangu?"

"Siamini hata kidogo."

"Basi amini kitu kingine. Maana ganda halijipasui lenyewe."

Maneno hayo alirudi nayo njia nzima. Amini kitu kingine. Na alipofika katikati ya ngazi za kiwandani alisimama, akashika ukuta, maana jambo lilikuwa limemjia lote kwa mara moja. Sifuri haiulizi kama chuma kina moto. Kwenye programu yake mpya ndimi zikigusana zimeungana, iwe zina joto la tanuri au zimepoa kama uji wa jana. Uzuri wake wote, ule wa kuunganisha bila kuambiwa, ndio uliokuwa unaficha. Haikuacha hata alama ya kuonyesha kwamba pale palikuwa na kukutana.

Ila ile ya zamani iliacha alama. Ile ya zamani ilipiga kelele kila siku, na kila siku ilizibwa mdomo.

Alhamisi asubuhi aliifufua programu ya shanga kutoka kwenye diski aliyokuwa akiitumia kuegemezea mlango wa kabati. Aliiwekea kalibu ya sasa, tundu likiwa limezibwa, akaiacha iende bila kuigusa. Ilitembea kwa muda wa saa tatu. Feni ililalamika, meza ikatikisika, shanga zikasogea kushoto na kulia kuzunguka kiini, na nyuma, si katikati kabisa bali upande wa kushoto kidogo, fundo likajifunga. Hakulisafisha. Alilipima liko wapi, akaandika vipimo kwenye kiganja, akachukua futi na kushuka kwenye lundo la vyuma vilivyokataliwa.

Maganda yaliyopasuka yalikuwa bado pale, pamoja na vipande vilivyorudishwa na mteja. Alipima la kwanza. Ufa ulipita kwenye namba iliyoandikwa kiganjani. Alipima la pili. La tatu. La nne, lile lenye doa ambalo hakutaka kujua ni la nini. Yote manne, ufa ule ule, tofauti haizidi upana wa vidole viwili. Alikaa chini juu ya vyuma, sketi ikijaa majivu, akatukana. Alimtukana injinia, akamtukana afisa utumishi na gundi yake, akamtukana kila aliyewahi kutamka neno "safisha". Alikuwa na hasira tamu, ile ya mtu aliyeonewa na sasa ana ushahidi.

Ijumaa kikao kilianza saa nne. Meneja alikaa kichwani mwa meza, afisa utumishi kushoto, injinia kulia na kompyuta yake imefunguliwa. Shemeji alikaa peke yake upande wa pili, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti ili wasiiangalie. Injinia alikuwa katikati ya kuonyesha sinema, chuma cha rangi ya machungwa kikijaza kalibu bila kukwama, mlango uliposukumwa na toroli.

Juu ya toroli kulikuwa na ganda jipya la pampu. Nyuma ya toroli alikuwa Bi Shanga, na nyundo.

"Hukuitwa," afisa utumishi alisema.

"Najua. Hili nalo halikuitwa." Aliligonga ganda kwa kiganja. "Mheshimiwa meneja, naomba dakika tano. Zikipita niandikieni barua na mimi."

Meneja, mtu mnene asiyependa kelele kabla ya chai, alipunga mkono kumaanisha endelea.

"Injinia, hili ganda limemiminwa na nani?"

"Mmiminaji mpya. Jumatano."

"Mkono ulimtetemeka?"

"Wala. Nilikuwa nimesimama pale pale mwenyewe. Amemimina vizuri sana. Na limekaguliwa." Alionyesha alama ya rangi ya kijani ubavuni.

"Asante," alisema Bi Shanga. Alilizungusha ganda. Nyuma yake, kushoto kidogo, alikuwa amechora mstari wa chaki, urefu wa shubiri. "Jana nimeuliza programu ya zamani ganda hili litapasukia wapi. Imenijibu hapa. Nawaomba mligonge. Kwanza mbele, halafu hapa."

"Huu ni mchezo wa kuigiza," injinia alisema.

Bi Shanga alimnyooshea shemeji nyundo, lakini shemeji aliinua mikono yote miwili. "Mimi siligusi. Watasema nimeligonga kizembe."

Meneja aliinuka mwenyewe, labda ili tu yaishe. Aligonga mbele. Ganda lilitoa mlio mkali uliojaa chumba. Aligonga tena, likalia vile vile. Kisha akagonga penye chaki. Sauti ilikuwa butu, kama ya mtungi wenye ufa. Aligonga mara ya pili, wala si kwa nguvu nyingi, na ganda likafunguka kufuata mstari wa chaki mpaka ukingoni.

Meneja aliinama. Chuma kilichovunjika huwa na uso wa chembechembe zinazong'aa. Hapa kingo zilikuwa laini, nyeusi, zimeviringika, kila moja kivyake. Hazikuwahi kushikana hata siku moja.

"Ni yale yale," Bi Shanga alisema. "Zimeegemeana tu. Aliwaambia huyu mzee, kwa maneno haya haya, mkamcheka. Lingekuwa na tundu lake lisingekuwa hivi."

"Na kompyuta haikuliona?" meneja aliuliza.

"Ile ya zamani ililiona. Kila siku ilifunga fundo hapo hapo. Injinia akaagiza mafundo yasafishwe kwenye ripoti, kwa sababu yanachafua picha."

"Niliagiza ripoti ziwe nadhifu," injinia alisema, na kwa mara ya kwanza suti ilionekana kubwa kwake.

Shemeji hakumwangalia injinia. Alimwangalia Bi Shanga, muda mrefu, bila kupepesa. Bi Shanga alidhani ni shukrani, akamtabasamia.

Tundu la nyuma lilifunguliwa Jumatatu. Wateja waliandikiwa kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya mfumo, na maganda yote ya miezi mitano yakaitwa kurudi. Injinia alibaki kwenye kiti chake. Na siku ya Jumatano Bi Shanga aliletewa bahasha ampelekee shemeji yake, kwa kuwa "mnaonana", afisa utumishi alisema. Haikuwa imefungwa. Aliisoma ngazini, na karibu aanguke. Uongozi, baada ya kutafakari utumishi wake wa muda mrefu, umeamua kumsamehe mmiminaji mkuu na kumrejesha kazini. Atie sahihi hapa chini kukubali.

Aliingia uani kwa shemeji akipayuka hata salamu hakutoa.

"Wamekusamehe! Umesikia? Wamekusamehe! Kosa gani? Wao ndio wa kupiga magoti hapa, halafu wanakusamehe wewe! Usisaini, shemeji. Ukisaini hii utakuwa umekiri."

Shemeji alikuwa kwenye kigoda kile kile. Buti zilikuwa zimeshapakwa rangi, nyeusi, zinakauka juani. "Nisomee," alisema. "Miwani sina."

Alimsomea, kila neno kwa kulitema.

"Hapo pameandikwa aliyekosa ni nani?"

"Hawajaandika! Wataandikaje? Waoga watupu. Kiwanda kizima hakuna hata mmoja mwenye ujasiri wa kusema ni mimi."

"Hakuna hata mmoja," shemeji alisema. Aliinua buti moja, akaangalia soli, akairudisha. "Shemeji, yale mafundo. Injinia aliagiza yafutwe. Nimesikia, ulisema vizuri kabisa pale. Kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani?"

Bi Shanga aliinamisha macho kwenye barua.

"Injinia mimi simjui," shemeji aliendelea, taratibu, hasira yake ya wiki nzima ikijitokeza sasa. "Kaja juzi, kesho ataondoka. Akinicheka, anacheka. Lakini siku ile nilipanda ngazi, nikakuuliza wewe. Sikuuliza kompyuta. Nilikuuliza wewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuleta uwe macho yangu. Ukaniambia hesabu inaonyesha vinaungana. Na mafundo ulikuwa umeyaona kwa macho yako miaka miwili. Halafu juzi kikaoni umewataja wote isipokuwa mmoja. Nyani haoni kundule, kweli."

Uso ulimwiva Bi Shanga. Alitaka kujitetea. Alikuwa na maneno mengi tayari: aliamriwa, alikuwa na wasiwasi na kazi, programu mpya ilikuwa nzuri. Aliyapekua yote, akaona kila moja ni mkasi. Mama yake alimwambia atafute uzi umejifungia wapi, na yeye alikuwa amekata, na kukata, na kukata, mpaka mtu asiyemjua akavunjika mkono. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, mbele ya buti.

"Ni mimi," alisema. "Niliyafuta mimi. Na siku ile nilijua unaniuliza mimi, nikajificha nyuma ya hesabu. Nisamehe, shemeji."

Shemeji alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akachukua ile barua mkononi mwake, akaigeuza upande usio na maandishi, akaiweka juu ya kigoda.

"Andika hayo," alisema. "Hayo hayo uliyosema. Na sahihi yako."

Aliandika. Mkono ndio ulikuwa unatetemeka sasa, wa kwake, na herufi zilionyesha. Akatia sahihi kwa jina lake kamili, lile ambalo kiwandani hakuna anayelijua. Shemeji aliisogeza karatasi mbali na macho, akaisoma yote bila miwani, neno kwa neno. Kisha akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni, akavuta buti, akaanza kuvaa.

"Hii sasa ndiyo barua," alisema. "Kesho naingia kazini."